Kabla Hujamwambia Atajuta

Julai 1987, Rais Ronald Reagan wa Marekani alimkabidhi kazi Mganga Mkuu wa Serikali yake, Dk. C. Everett Koop: aandae ripoti kuhusu madhara ya kutoa mimba kwa afya ya wanawake, ya mwili na ya akili. Wapinzani wa utoaji mimba nchini humo waliipokea habari hiyo kwa furaha, kwa kuwa Koop alikuwa mtu wao. Alikuwa daktari wa upasuaji wa watoto kutoka Philadelphia, Mkristo mwenye msimamo usioyumba, na kabla hajaingia serikalini alikuwa ameandika na kuhutubu sana akipinga mimba kutolewa. Waliamini kwamba kalamu yake itayatia muhuri wa serikali maneno waliyokuwa wakiyasema majukwaani, kwamba mwanamke akishatoa mimba akili yake hairudi tena mahali pake.

Koop alipitia tafiti zaidi ya 200 na kuwasikiliza watu wa kila upande. Tarehe 9 Januari 1989 akamwandikia rais barua badala ya ripoti. Alisema tafiti zilizopo zina kasoro nyingi za mbinu, kiasi kwamba haziwezi kuthibitisha kuwa kutoa mimba kunaleta matatizo ya akili, wala kuthibitisha kuwa hakuleti. Akapendekeza ufanyike utafiti mpya wa kuwafuatilia wanawake kwa miaka mitano, wa gharama ya dola milioni 10 kwa uchache, au milioni 100 ukitakiwa uwe bora kabisa. Baadaye mwaka huohuo, alipohojiwa na wabunge, alieleza kwamba kwa mwanamke mmoja mmoja jambo hili linaweza kuwa zito kupindukia, ila kwa kipimo cha afya ya umma tatizo la kisaikolojia ni dogo mno.

Msimamo wake juu ya mimba yenyewe haukubadilika hata kidogo. Alikataa jambo moja tu: kuusemea moyo wa mwanamke kitu ambacho hakuwa na ushahidi nacho, ingawa kukisema kungewafurahisha rafiki zake wote.

Nimeanza na Koop kwa sababu kwetu huku watu wa aina yake ni adimu. Kwenye mahubiri, kwenye vipindi vya redio, kwenye semina za mahotelini zenye chai na vitafunwa, kila anayeshika kipaza sauti anajua kwa hakika aliyetoa mimba anajisikiaje. Huyu anasema atajuta mpaka kaburini, ataota mtoto akilia, atachukiwa na mumewe, hatazaa tena. Yule anasema ni nafuu tupu, tatizo liko kwa wanaomsema. Wote wawili wanazungumza kwa sauti ya watu waliouliza. Ukiwadadisi waliwauliza akina nani, lini, na wangapi, utaambiwa kisa cha dada mmoja wa mtaa fulani.

Mimi naamini kwamba hali ya moyo wa mwanamke baada ya kutoa mimba, na yanayompata mbele ya mume, wazazi, shule, polisi na Mungu wake, ni jambo linaloweza kuchunguzwa kwa umakini kama tunavyochunguza malaria. Naamini pia kwamba hatujalichunguza Afrika Mashariki kwa kiwango linachostahili. Majibu tunayotupiana yametoka Marekani, Denmark na New Zealand, na mengi yamefika huku yakiwa yamekatwa nusu.

Ugumu wa kwanza wa utafiti huu uko kwenye kulinganisha. Mtafiti akitaka kujua kama kutoa mimba kunaumiza akili, atawalinganisha waliotoa na akina nani? Kwa muda mrefu waliwekwa upande mmoja wanawake waliotoa mimba, upande wa pili wanawake waliozaa watoto waliowataka, wenye waume waliokuwa wakiwasubiri wodini na kanga mpya. Waliotoa wakionekana kuwa na huzuni zaidi, lawama zote zikaangukia kitendo cha kutoa. Ni sawa na kuwalinganisha wagonjwa waliolazwa na watu wa sokoni, halafu useme kitanda cha hospitali ndicho kinacholeta homa. Aliyefika mahali pa kuamua kutoa mimba mara nyingi alishapitia mengi kabla: kubakwa, kuachwa, njaa, kipigo, au sonona ya miaka mingi ambayo hakuna aliyeitambua.

Denmark, ambako kila raia ana namba na kila ziara ya hospitali inaandikwa, Trine Munk-Olsen na wenzake waliiangalia hoja hii kwa kutumia kumbukumbu za taifa. Matokeo yao yalichapishwa 2011. Waliwachukua zaidi ya wanawake 84,000 waliotoa mimba kwa mara ya kwanza, wakahesabu ni wangapi waliotibiwa matatizo ya akili katika miezi kabla ya kutoa na katika mwaka uliofuata. Kabla, kiwango kilikuwa kama 14.6 kwa kila wanawake 1,000 kwa mwaka; baada ya hapo kikawa 15.2. Yaani hakikubadilika kwa kiwango cha maana. Waliozaa kwa mara ya kwanza walikuwa na kiwango cha chini sana kabla, 3.9, kisha kikapanda hadi 6.7 baada ya kujifungua. Ukizitazama namba za baada tu, utasema kutoa mimba ni hatari zaidi ya mara mbili kuliko kuzaa. Ukiweka na za kabla, picha inageuka: waliotoa walikuwa wamekwisha kuelemewa hata kabla ya siku ile.

Kosa la namna hiyo limewahi kuingia hadi kwenye majarida makubwa. Mwaka 2009 Priscilla Coleman na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu za kitaifa za Marekani, wakaonyesha uhusiano kati ya kutoa mimba na orodha ndefu ya magonjwa ya akili. Julia Steinberg na Lawrence Finer walipozirudia hesabu zilezile, hawakuyapata matokeo hayo. Baadaye ikadhihirika kwamba yalikuwa yamehesabiwa magonjwa ya maisha yote ya mwanamke, hata yaliyomwanza akiwa msichana mdogo, miaka kabla ya mimba yenyewe. Mwaka 2012 mhariri wa jarida, pamoja na mtafiti aliyesimamia ukusanyaji wa takwimu hizo, waliandika kwamba uchambuzi ule hauyabebi mahitimisho yake. Hata hivyo mahitimisho hayo yaliendelea kusafiri, na naamini wapo wanaoyahubiri leo bila kujua yalikotoka.

Utafiti uliokaribia zaidi ndoto ya Koop ulikuja miaka 20 baadaye. Diana Greene Foster wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, alipata njia nyingine ya kulinganisha. Kliniki za Marekani ziliweka ukomo wa umri wa mimba. Mwanamke aliyefika siku chache kabla ya ukomo alihudumiwa, aliyefika siku chache baada yake akarudishwa. Wote walitaka kitu kilekile na wote walikuwa wamechelewa. Kilichowatenganisha ni kalenda. Kuanzia 2008 hadi 2010 watafiti wake waliwaandikisha karibu wanawake 1,000 kutoka kliniki 30 katika majimbo 21, wakawa wanawapigia simu kila baada ya miezi sita kwa miaka mitano.

Wiki ya kwanza, waliorudishwa ndio waliokuwa na wasiwasi zaidi na kujithamini kidogo. Kadiri miezi ilivyokwenda tofauti hiyo ilipungua, na kufikia mwaka mmoja makundi yalikuwa yamelingana. Miongoni mwa waliohudumiwa, hisia iliyotajwa zaidi ni nafuu, na kila walipoulizwa, zaidi ya asilimia 95 walisema uamuzi wao ulikuwa sahihi kwao. Kwenye fedha pengo lilikuwa kubwa: miezi sita baada ya siku ile, asilimia 61 ya waliorudishwa walikuwa chini ya mstari wa umaskini, dhidi ya asilimia 45 ya waliohudumiwa. Waliorudishwa walibaki pia kwenye hatari ya kipigo kutoka kwa mwanamume mwenye mimba ile, wakati kwa wenzao kipigo kilipungua. Wawili kati ya waliorudishwa walikufa kwa sababu zilizotokana na ujauzito au kujifungua.

Wanaharakati wanaounga mkono haki ya kutoa mimba wanaupenda sana utafiti huu, nao wana sababu. Ila wanaounukuu mara nyingi wanaruka kurasa mbili. Kwanza, kati ya wanawake walioombwa kushiriki, chini ya asilimia 40 walikubali. Hatuwezi kudai kwa yakini kwamba waliokataa wangesema yaleyale. Pili, waliorudishwa walipoulizwa wiki moja baadaye, asilimia 65 walisema bado wanatamani wangeitoa ile mimba. Baada ya miaka mitano waliobaki na tamanio hilo walikuwa kama asilimia 4 tu. Mtu anaweza kuisoma namba hiyo kama ushahidi kwamba mama humpenda mtoto aliyemzaa hata kama hakumpanga, na atakuwa amesoma sawasawa. Mtu anaweza pia kusema kwamba kumpenda mtoto hakufuti umaskini uliomkuta, naye atakuwa sahihi. Utafiti mzuri huacha kila upande na jambo la kumeza kwa shida.

Yupo mwingine wa kuwekwa pamoja na Koop. Huko Christchurch, New Zealand, David Fergusson na wenzake waliwafuatilia watoto 1,265 waliozaliwa 1977 tangu wakiwa wachanga. Wasichana wa kundi hilo walipokua, baadhi walitoa mimba. Fergusson aliunga mkono haki ya mwanamke kuchagua na alisema hivyo waziwazi. Mwaka 2006 takwimu zake zilimwonyesha kwamba waliotoa mimba walikuwa na matatizo ya akili zaidi ya wenzao, hata baada ya kuzingatia historia zao za utotoni. Alichapisha. Alisimulia kwamba majarida kadhaa yalimkatalia kabla ya moja kukubali. Wapo waliomkosoa kwa haki kwamba hakuweza kutenganisha vizuri mimba zilizotakiwa na zisizotakiwa, na tathmini kubwa zilizofuata, ile ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani ya 2008 na ile ya Uingereza ya 2011, hazikukuta kwamba kutoa mimba isiyotakiwa kunazidisha hatari ya ugonjwa wa akili kuliko kuizaa. Lakini Fergusson hakuishia kwenye matokeo yake ya kwanza. Alirudi kwa wanawake walewale na kuuliza walijisikiaje wakati wa kutoa, na mwaka 2009 akaonyesha kwamba waliopata shida baadaye ni hasa wale walioumia wakati ule: waliojiona wana hatia, waliohuzunika, waliopoteza kitu.

Hapo ndipo swali linaponigusa zaidi. Kama wastani unasema wengi hawaugui, wanaobaki wanaumizwa na nini? Kundi la San Francisco nalo lilifika mlangoni hapo. Zaidi ya nusu ya wanawake wao walidhani watu wakijua watawadharau, na waliohofia hivyo zaidi mwanzoni ndio waliokuwa na msongo zaidi miaka kadhaa baadaye.  Na hao ni wanawake waliohudumiwa kihalali, mchana, na daktari aliyesajiliwa, ambao hakuna askari aliyekuwa akiwatafuta.

Kwetu hali ni nyingine kabisa. Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu inamwekea anayemtoa mwanamke mimba kifungo kinachofika miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7, isipokuwa pale inapofanyika kuokoa maisha ya mama. Kenya, Katiba ya 2010 katika Ibara ya 26 inakataza, ila inaruhusu pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona kuna dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, lakini sheria ya ndani ikabaki ilivyo. Pamoja na makatazo hayo, watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba kama 405,000 zilitolewa Tanzania, na wanawake 66,600 walitibiwa kwa madhara yake. Kenya, kwa mwaka 2012, makadirio yalikuwa 464,690, na karibu wanawake 120,000 walifika hospitali.

Zisome tena namba hizo uone zinachohesabu. Zinahesabu damu, maambukizi, mfuko wa uzazi uliotoboka. Mwanamke anaingia kwenye takwimu zetu akiwa anavuja damu, anasafishwa, anapewa dawa, na anatoka kwenye takwimu siku anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Alivyolala usiku wa kwanza, aliyemfungulia mlango, uongo aliomwambia mama mkwe, kama alirudi kazini Jumatatu au alifukuzwa, hayo hayana safu kwenye daftari.

Sidharau kazi iliyofanyika. Kuhesabu vifo na majeraha kumeokoa maisha, kwa sababu serikali zilizokuwa hazitaki hata kulisikia neno hili zimekubali kutoa huduma baada ya mimba kuharibika bila kumhoji mgonjwa kwanza. Lakini hata kuhesabu huko kulihitaji mbinu ambayo ndani yake kuna somo. Vibeke Rasch, mtafiti kutoka Denmark, na wenzake wa Dar es Salaam waliwahoji wanawake waliolazwa hospitalini wakisema mimba imeharibika yenyewe. Waliulizwa taratibu, kwa upole, bila kutishwa wala kuhukumiwa. Zaidi ya nusu wakaeleza kwamba waliitoa. Ni wanawake walewale, wodi ileile, na daftari lenye jibu jingine kabisa. Kilichobadilika ni namna muulizaji alivyokaa kitini na macho aliyowaangalia nayo.

Nairobi, Chimaraoke Izugbara na wenzake wa kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha APHRC waliwauliza wanawake waliowahi kutoa mimba wanaelewaje usalama. Chapisho lao la 2015 linapaswa kusomwa na kila daktari wa ukanda huu. Kwa wanawake wengi, mahali salama ni mahali pa siri. Hospitali kubwa yenye vifaa na wataalamu ina foleni, ina majina yanayoitwa kwa sauti, ina jirani aliyeleta mtoto kliniki, ina polisi getini. Chumba cha nyuma cha mtu asiye na mafunzo hakina lolote kati ya hayo. Mwanamke anachagua hatari ya mwili ili kuepuka hatari ya kujulikana, na kwa hesabu zake anajilinda.

Kwa hiyo anayesema mwanamke wa Manzese, Dar es Salaam, au Korogocho, Nairobi, ataumia akili kwa sababu ya kutoa mimba anapaswa kwanza kutuambia anazungumzia maumivu yapi. Kuna maumivu ya kuachana na mimba. Kuna hofu ya kufa aliyoipata peke yake chooni saa nane usiku, baada ya kumeza vidonge alivyouziwa bila maelezo. Kuna deni alilokopa. Kuna mwanamume anayejua siri na anaitumia kila wakigombana. Kuna muuza dawa anayerudi kudai nyongeza. Haya yote yanaweza kumfanya mtu asilale, na tukiyafunga katika furushi moja na kuliandika "madhara ya kutoa mimba", tumedanganya, hata kama kila jibu la dodoso lilikuwa kweli.

Rwanda inaonyesha jambo hilo kwa uwazi wa kuumiza. Aprili 2019 Rais Paul Kagame aliwasamehe wanawake na wasichana 367 waliokuwa wamefungwa kwa kutoa mimba, kusaidia kuitoa au kuua watoto wachanga, na mwaka uliofuata akawasamehe wengine 50. Ningetamani sana mtu akae nao leo. Msichana aliyeingia gerezani akiwa na miaka 18 na kutoka akiwa na 22 amebeba nini, na sehemu gani ya mzigo huo iliwekwa na mahakama? Wamerudi vijiji gani, wameolewa, wamesoma, wanaitwaje na majirani? Matokeo ya kijamii ya kutoa mimba kwa upande wao yana hati ya hukumu na tarehe ya kuachiwa.

Kenya kuna kisa kilichofika Mahakama Kuu, cha msichana aliyebakwa akiwa na miaka 14, akatolewa mimba kienyeji, na kufa mwaka 2018 baada ya kuugua figo kwa miaka. Juni 2019 majaji watano waliamua kwamba Wizara ya Afya ilikosea kuondoa miongozo ya huduma hii kwa madaktari. Tunamkumbuka binti huyo kwa hukumu hiyo. Kuhusu miaka yake minne ya kuugua, alivyoishi kama mtoto aliyebakwa, aliyenyamazishwa na kuharibiwa mwili, hatuna utafiti unaotuambia wangapi wako katika hali kama yake na wanahitaji nini.

Tanzania inayo fursa ya kulinganisha ambayo wenzetu wa ng'ambo wangeitamani. Hadi Novemba 2021, mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule ya serikali na mlango haukufunguliwa tena. Tarehe 24 mwezi huo, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba anayejifungua anaweza kurudi darasani. Msichana wa kidato cha pili aliyeshika mimba 2016 alikuwa akichagua kati ya kuitoa kwa siri au kuagana na masomo. Wa 2023, angalau kwenye karatasi, ana njia ya tatu. Tukiwauliza wa kabla na wa baada, kwa idadi ya kutosha na uaminifu wa kutosha, tutajifunza ni kiasi gani cha majuto, na cha nafuu pia, kilitokana na sera ya shule. Nafasi hii haitadumu, maana kumbukumbu zinafifia na wa 2016 sasa ni watu wazima.

Najua nitaulizwa kuhusu imani, na sitalikwepa. Wapo wanawake wanaolia kwa sababu wanaamini waliua, na hakuna mtafiti mwenye haki ya kuwaambia wanajisikia vibaya kwa makosa ya jamii tu. Machozi yao ni ya kweli na imani yao ni yao. Tafiti nyingi za kigeni hupita haraka hapa. Sisi tunaweza kuuliza vizuri zaidi. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadri wote mamlaka ya kudumu ya kuondolea dhambi hii katika kitubio, mamlaka ambayo awali yalihitaji idhini ya askofu. Je, Mkatoliki wa Moshi au Bukoba aliyeungama alipata usingizi? Katika fiqhi ya Kiislamu kuna mjadala wa karne nyingi kuhusu siku 120 za mwanzo, na wanazuoni hawana kauli moja. Je, mwanamke wa Tanga au Mombasa anaujua mjadala huo, au alichowahi kukisikia ni adhabu peke yake? Nani alimfariji: mume, shoga yake, shangazi, sheikh, au hakuna? Maswali haya hayamdharau anayepinga kutoa mimba wala anayeitetea. Yanamheshimu anayejibu.

Uwezo wa kuyauliza tunao, ndiyo maana kimya chetu kinanikera. Kuna maeneo ambako kila kaya imetembelewa mara kwa mara kwa miaka, kuzaliwa na kufa kukiandikwa: Ifakara, Kisesa mkoani Mwanza, Kilifi pwani ya Kenya, Korogocho na Viwandani jijini Nairobi. Kufuatilia watu kwa miaka mitano, jambo ambalo Koop alilipigia hesabu ya mamilioni ya dola, sehemu hizo ni kazi iliyozoeleka. Vipimo vya sonona na wasiwasi kwa Kiswahili vipo; Profesa Sylvia Kaaya wa chuo kikuu cha afya cha Muhimbili na wenzake walivijaribu kwa wajawazito wa Dar es Salaam zaidi ya miaka 20 iliyopita. Kinachopungua ni fedha isiyoogopa, kwa sababu kila serikali ya Marekani inaporudisha sera ya 1984 ya kuzuia misaada kwa mashirika yanayohusika na utoaji mimba, kama ilivyofanyika tena Januari 2025, mashirika hujitenga na chochote chenye harufu ya mada hii. Kinachopungua zaidi ni ulinzi. Mtafiti akiandika jina, namba ya simu na maelezo ya kosa la jinai kwenye tarakilishi moja, amemwandalia polisi jalada.

Ningependa kamati za maadili za taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa (NIMR), Muhimbili na wenzao wa Kenya zikubaliane kwanza kwa maandishi na ofisi za mashtaka kwamba taarifa za utafiti wa aina hii hazitatumika mahakamani. Majina yasiandikwe, na simu zipigwe kwa wakati anaouchagua mwanamke, kwa kuwa simu nyingi za nyumbani zina masikio zaidi ya mawili. Wahojiwe waliotoa, waliotaka kutoa wakashindwa, walioharibikiwa mimba bila kutaka, na waliozaa mimba ambayo hawakuipanga, ili kulinganisha kuwe na maana. Wanaume wenye mimba hizo nao waulizwe, maana hadi sasa wamekaa nje ya majedwali mengi. Na watakaochapisha waahidi mapema, kabla hawajaona hata jibu moja, kwamba matokeo yatatoka yakiwa yalivyo, yakimkera askofu au yakimkera mwanaharakati.

Kwenye dodoso lenyewe, baada ya umri na elimu, ningeweka mapema swali la nani mwingine anajua, na alipojua alifanya nini. Kwa yote niliyoyasoma kutoka San Francisco hadi Nairobi, nadhani majibu ya swali hilo yatatueleza mengi kuliko safu nzima ya vipimo vya huzuni. Kama nimekosea, takwimu zitaonyesha, nami nitaandika hivyo hapahapa.